Kigogota kitaluni: jinsi ya kumfanya akusaidie kupambana na bungua, hatua kwa hatua

Ukisikia ko-ko-ko-ko asubuhi kwenye mti ulio jirani na kitalu chako usimtupie jiwe huyo ndege, chukua daftari nenda kaangalie anagonga wapi. Huyo ni kigogota, wengine wanamwita kigotagota, na kwa mtu anayeotesha miche ya miti au kahawa au matunda huyu ni kibarua asiyelipwa wa kutoa bungua, yaani mabuu ya mbawakavu wanaotoboa mashina ya miti, anaingia kazini jua halijapanda vizuri na hadai chai ya saa 4. Kitalu changu kipo Kilimanjaro upande wa Machame, naotesha kahawa, parachichi, mgrivea na mringaringa, na haya ninayoandika mengi nimejifunza baada ya kupoteza miti.

Nianze na hiyo hasara kwasababu ndo inaeleza kwa nini mwongozo huu uko hivi. Kuna mwaka niling'oa kahawa za zamani zilizochoka, mashina nikayapanga kama kuni pembeni ya bustani mama, ile bustani ninayokata vipandikizi. Kuni za kahawa huku kwetu zinapendwa, zinashika moto vizuri, mtu hazitupi. Basi vigogota wawili wakawa wanakuja kwenye lile rundo kila asubuhi, wanabandua magome, wanagonga, wanachomoa kitu wanameza, mimi napita na ndoo yangu ya maji naona ni ndege tu na mambo yao. Na mwaka huohuo nilikuwa nimeshakata mfuruanje mkavu uliokuwa mpakani maana nilifundishwa kwamba shamba safi halina mti mkavu. Mvua zilipoanza mbawakavu wakatoka kwenye zile kuni, na baada ya mwaka na kitu bustani mama ikaanza kunyauka shina mojamoja, majani ya njano, unga wa mbao chini ya shina. Kumbe wale ndege walikuwa wananionyesha adui amelala wapi, na mimi nimebomoa nyumba ya ndege nikaitunza nyumba ya mdudu. Iliniuma sana na bado inaniuma, ndo maana nataka wewe usipite njia hiyohiyo.

Kabla ya hatua zenyewe: anafanya nini na nini hafanyi

Hapa tusidanganyane. Kigogota hashuki kwenye tuta kukutolea sota wanaokata miche usiku. Vidukari, inzi weupe, utitiri, minyoo fundo, kinyausi, hayo yote ni kazi yako wewe, na ukikaa kumsubiri ndege ayatatue utaamka siku moja tuta zima limelala. Mche wa unene wa penseli ndani ya kiriba, ule mfuko wa kuoteshea, hauna nafasi ya kumficha bungua mkubwa na ndege mwenyewe hana pa kushika.

Kazi yake ipo kwenye vitu vinavyokizunguka kitalu. Miti mama, miti ya kivuli, uzio, miche iliyopitiliza ambayo hukuiuza msimu uliopita ikabaki pembeni mpaka ikawa na shina nene, nguzo za kibanda, rundo la kuni. Huko ndo mbawakavu wanazaliana, na wakikomaa wanaruka kutafuta shina bichi la kutagia. Kwahiyo kigogota anapunguza adui huko anakotokea, hafuti adui aliyeshafika kwenye kiriba. Ukilielewa hilo huwezi kumlaumu bure.

Chukua mfano wa bungua mweupe wa shina la kahawa, kitaalamu Monochamus leuconotus. Jike anataga kwenye gome, mara nyingi sehemu ya chini ya shina, nusu mita ya kwanza kutoka ardhini. Buu akianguliwa anakula kwanza chini ya gome akizunguka shina, na hapo ndo anakata njia ya chakula cha mti, halafu anaingia ndani ya mbao kabisa, na mpaka aje kutoka akiwa mbawakavu mzima inaweza kupita mwaka mmoja na nusu hadi miaka 2. Sasa fikiria, muda wote huo dawa unayopuliza juu ya majani haimgusi, yuko ndani ya mbao amejifungia. Kigogota anamfikia. Anagonga taratibu akisikiliza sehemu iliyo wazi ndani, akiipata anatoboa, alafu anaingiza ulimi, na ule ulimi ni mrefu ajabu, mifupa inayoushikilia imezunguka mpaka nyuma ya fuvu, nchani una vijimiba na unanata, buu hachomoki. Miguuni ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, mkia wake mgumu anauegemeza kwenye shina kama mguu wa tatu, ndo maana anaweza kugonga kwa nguvu bila kuanguka.

Na hili wenzetu wa mbali wameshalifanyia kazi. Kaskazini mwa Uchina walipopanda mipopla mingi na mbawakavu wenye vipapasio virefu wakaishambulia, watu walifunga vipande vya magogo kwenye ile miti ili vigogota wachimbe viota humo na wabaki. Marekani nako, yule mbawakavu wa kijani anayeua miti ya mfraksino, aliyegundulika Michigan mwaka 2002, dalili mojawapo ya mwanzo wanayoitafuta watu wa misitu ni magome yaliyobanduliwa na vigogota, shina linabaki na mabaka meupe, wanajua hapa pana mdudu hata kabla mti haujaonyesha kuumwa. Hiyo ya pili ndo naipenda zaidi, kwasababu inakuambia faida ya huyu ndege ni mbili, anakula na anatoa taarifa.

Hatua ya 1: Mjue kwa sura na sauti

Wapo wa aina nyingi Afrika Mashariki lakini utakayemwona sana mashambani na bustanini ni mdogo, Dendropicos fuscescens, ukubwa kama wa shomoro hivi, urefu kama sentimita 15, mgongo una mistari ya kukatiza na kifua kina michirizi ya kushuka. Dume ana nyekundu nyuma ya utosi, jike hapo ana nyeusi, wote wawili paji la uso ni kahawia. Wanatembea wawili wawili na hawachagui sana, utamkuta kwenye tawi jembamba, kwenye kichaka, hata kwenye mabua ya mahindi yaliyokauka anatafuta mabuu. Huyu ndo rafiki wa kitalu.

Ukishuka tambarare kwenye migunga kuna mkubwa zaidi mwenye madoadoa kifuani, Campethera nubica, anapiga kelele kwa sauti kali na mwenzake anaitikia, yeye anapenda pia sisimizi na mchwa. Pwani mpaka maeneo ya Mombasa kuna wa kwao ambaye hata jina lake la kitaalamu limebeba mji huo, Campethera mombassica.

Usimchanganye na zuwakulu, yule mwenye mdomo mnene ambaye naye anachimba tundu kwenye mti mkavu, huyo ni mla matunda zaidi, ana faida zake ila sio hii. Alafu kuna hofu moja watu wanaipata mitandaoni kwamba kigogota anatoboa mti mzima mistari ya vitundu anyonye utomvu mpaka mti udhoofike. Hao wapo kweli lakini ni wa bara la Amerika, wa kwetu hawana tabia hiyo. Wa kwetu akitoboa kwa bidii mahali pamoja, ama amefuata mdudu ama anatengeneza nyumba kwenye mbao iliyokwisha kuoza.

Hatua ya 2: Zunguka asubuhi 3 na daftari

Usianze kufunga kitu wala kukata kitu. Chagua asubuhi 3 ndani ya wiki 2, kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 2, tembea taratibu kuzunguka kitalu mpaka kama mita 100 kila upande, kama jirani anakubali pita na kwake. Chora ramani ya mkono tu, haihitaji ufundi. Weka alama kila mti mkavu, kila mti wenye tawi kavu nene, kila rundo la kuni, kila kahawa au mti unaonyauka, na kila sehemu uliyosikia au kuona kigogota akigonga. Andika pia aina ya mti, hili usiliruke, utaona hatua inayofuata kwa nini.

Baada ya siku ya tatu utashangaa ramani inavyoongea. Mimi kwangu alama za kigogota zilijikusanya sehemu 2, moja ilikuwa msesewe wa zamani uliokufa upande mmoja, nyingine ilikuwa kahawa 4 za mwisho za jirani ambazo zilikuwa hoi na hakuna mtu aliyejua zina nini.

Hatua ya 3: Tenganisha mti mkavu wa ndege na mti mkavu wa mdudu

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo watu wengi wanakosea kwa pande zote mbili. Kuna anayesafisha kila kitu kama nilivyofanya mimi, na kuna anayesikia habari za mazingira akaacha kila kitu kisimame mpaka shamba linakuwa hospitali ya mabungua.

Kanuni yangu ni hii. Mti wa aina ileile unayootesha, ambao umekufa au unakufa kwa bungua, huo hauachwi. Kama unaotesha kahawa basi kahawa yenye bungua ing'oe na mizizi yake, ichome mapema mvua hazijaanza, kwasababu mbawakavu wengi wanatoka mvua zinapoanza. Kama unaona uchungu kuchoma kuni nzuri, sawa, zipasue ndogondogo uzitumie za kwanza kabisa jikoni, zisilale nje zikisubiri msimu. Kuzifukia juujuu na udongo haitoshi, na kuzisogeza mita 10 pembeni ni kujidanganya, mdudu ana mabawa.

Mti wa aina nyingine, uliokauka zamani, gome limeshaanza kuachia lenyewe, mbao imekuwa laini ukibonyeza na kisu kinazama, huo uache umesimama. Wadudu wanaoishi humo wengi ni wa kuozesha mbao, hawana habari na mche wako mbichi, na wao ndo ugali wa kila siku wa kigogota. Ukiwaondoa hao wote ndege hana sababu ya kukaa kwako, atakuja kupita tu. Na nyumba yake anaichimba kwenye mbao laini ya namna hiyo, hawezi kuishi kwenye shamba lenye miti michanga mitupu.

Lakini kuna mambo ya kuangalia kabla hujaacha. Kwanza usalama, mti mkavu usiwe juu ya matuta, njia, kibanda au mahali watoto wanapocheza, kama uko hapo ukate juu ubakize shina la mita 3 au 4, hilo linamtosha kabisa. Pili mchwa, mti mkavu uwe mbali kidogo na matuta, mimi naacha hatua 20 hivi, kwasababu mchwa wakishajenga hapo wanahamia kwenye miche yako ya mgrivea wakati wa kiangazi. Tatu na hili wengi hawalijui, chunguza mti umekufa kwa nini. Bandua gome pale shina linapoingia ardhini, ukikuta utando mweupe kama karatasi umelala kati ya gome na mbao, unanuka uyoga, hiyo ni kuvu ya mizizi inayoitwa Armilaria, inatembea kwenye mizizi ardhini na inaua kahawa na chai na miti mingine mingi. Huo hata kama vigogota 10 wanaishi juu yake ng'oa kisiki na mizizi yote uchome. Nyumba ya ndege utatengeneza nyingine, udongo ukishashikwa na hiyo kuvu utahangaika miaka.

Kwa kitalu cha robo eka, miti mikavu 2 au 3 ya namna nzuri inatosha. Kama una mti mzima wenye tawi moja nene lililokufa, liache hilo tawi, ni bora kuliko mti mzima mkavu kwa sababu halianguki upesi.

Hatua ya 4: Kama huna mti mkavu, weka nguzo

Vitalu vingi vya mjini au vilivyo kwenye uwanja mtupu havina mti hata mmoja wa zamani, na hapo ndo tunaiga ile ya Uchina.

Tafuta gogo la mbao laini iliyoanza kuoza kidogo, urefu mita 1, unene sentimita 15 mpaka 20. Kizuri kuliko vyote kama uko karibu na mashamba ya mkonge ni ule mlingoti unaochomoza katikati mkonge ukizeeka, ukikauka ndani unakuwa laini kama sponji na nje mgumu, unachimbika kirahisi. Chagua kipande kinene cha chini. Usichukue gogo bichi, usichukue gogo la aina ya mti unaoupanda, na usipake oili chafu wala rangi wala dawa ya mbao, ukipaka umeharibu.

Lifunge limesimama wima kwenye mti hai au nguzo imara, urefu wa mita 3 mpaka 4 kutoka chini, upande usiopigwa na mvua ya upepo. Liinamishe mbele kidogo sana, ili maji yasiingie tunduni. Kufungia tumia mipira ya tairi la baiskeli, waya unakata gome la mti hai kadiri unavyonenepa. Funika kichwa cha gogo na kipande cha bati au kigae maji yasizame kutoka juu.

Usimchimbie tundu zima. Huyu ndege kuchimba ni sehemu ya maisha yake, boksi tupu lililotengenezwa tayari kama la njiwa mara nyingi halimvutii. Mwanzishie tu kishimo cha sentimita 2 kwa patasi, upande wa mbele karibu na juu, atamalizia mwenyewe kama amependa. Tundu la yule mdogo likikamilika linakuwa mviringo safi, upana kama sentimita 4.

Alafu subiri, na kusubiri huku kunaweza kuchukua msimu mzima au zaidi, usilihamishe kila mwezi. Akiingia, kwa kawaida hutaga mayai 2 au 3, wanaatamia kwa zamu baba na mama kama wiki 2 hivi, na makinda wanakaa ndani karibu wiki 4. Hizo wiki 4 ndo dhahabu yako kwasababu wazazi wanabeba mabuu kutwa nzima, kwahiyo usipande na ngazi kuchungulia, usikate matawi ya jirani, na kama una paka mfungie mbali na hapo. Unaweza ukaona yule ndege anayeongoza watu kwenye asali anazungukazunguka karibu na tundu, huyo anataga mayai yake kwenye viota vya vigogota ili walee wao, usiingilie, ndo dunia yao ilivyo. Na kigogota akihama, tundu litachukuliwa na goregore au ndege wengine wanaolala kwenye matundu, nao wengi ni wala wadudu, hujapoteza kitu.

Gogo la namna hii linaoza, hesabu miaka 2 kisha weka jipya pembeni kabla hujatoa la zamani.

Hatua ya 5: Dawa

Kifupi tu. Ukipuliza dawa kali ya kuua kila mdudu kwenye mashina na magome, unawaua wadudu wale ambao ni chakula chake na unamlisha mabuu yenye sumu, na makinda hayastahimili. Sisemi usitumie dawa kabisa kitaluni, kuna wakati miche 5,000 imevamiwa na huna namna. Ninachosema dawa iishie kwenye tuta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, jioni, na isifike kwenye miti ya pembeni. Kwenye mashina ya miti mama tumia mkono, nitaeleza hapa chini. Na ile tabia ya kumwaga mabaki ya pampu chini ya mti ulio karibu iache leo.

Hatua ya 6: Fanya kazi nyuma yake

Kigogota peke yake hamalizi bungua, anapunguza. Faida kubwa inakuja pale unapomfuata na kumalizia. Kila wiki mara moja pita kwenye miti mama na miche iliyopitiliza, na pita hasa pale ulipomsikia akigonga.

Jifunze kutofautisha matundu. Tundu la mbawakavu alilotokea ni mviringo safi kama limetobolewa na mashine, kingo zake hazijachanika, hapo mdudu ameshaondoka, jiulize ameenda wapi. Tundu ambalo buu bado yumo lina unga wa mbao mbichi unaotoka au umedondoka chini ya shina. Kazi ya kigogota haina mpangilio, gome limechanika, shimo pana nje linaenda likipungua ndani kama faneli, na chini kuna vipande vya mbao sio unga. Ukikuta shimo la faneli na ndani njia ya buu iko tupu, amekumalizia, shukuru uendelee. Ukikuta ameanza kubandua akaacha na unga bado unatoka, zamu yako.

Chukua spoku ya baiskeli, ikunje ncha kidogo iwe kama ndoana, ingiza kwenye tundu ukifuata njia mpaka uhisi kitu laini, zungusha uvute. Mwanzo utakosa sana, baada ya mashina 20 mkono unazoea. Buu ukimtoa mwache juu ya kisiki, utaona nani anakuja kumchukua. Kwa kahawa, sugua sehemu ya chini ya shina kwa gunzi la hindi au kipande cha gunia kabla ya mvua, gome likiwa laini jike hapati nyufa nzuri za kutagia, ila sugua kwa kiasi usijeruhi shina. Shina lililozungukwa lote chini ya gome halitapona, ling'oe, usilihurumie.

Miche iliyopitiliza ndo nakuomba uiangalie zaidi ya vyote. Kila kitalu kina kile kikundi cha miche ya miaka 2 au 3 kwenye kona, mizizi imeshatoboa kiriba, haina soko, mwenye kitalu anasema nitaipanda mwenyewe. Shina limenenepa, mti una njaa, na mti wenye njaa ndo mbawakavu wanaupenda. Ipande msimu huu au igawe au ichome.

Hatua ya 7: Pima kama kweli inasaidia

Bila kupima utabaki na hisia. Chagua mashina 30 kwenye miti mama na ya kivuli, yape namba kwa rangi. Kila mwisho wa mwezi hesabu vitu 3: matundu yenye unga mbichi, mashimo ya faneli mapya, na matundu safi ya kutokea. Kila ukimaliza kuhesabu weka alama ya chaki kwenye yaliyohesabiwa usije ukayarudia. Kipimo kizuri ni unga mbichi kupungua mwaka hadi mwaka, sio mwezi hadi mwezi, kwasababu bungua mwenyewe anakaa ndani zaidi ya mwaka, ukitegemea mabadiliko ya wiki 6 utakata tamaa bure. Na kama mashimo ya faneli yanaongezeka ghafla sehemu moja, usifurahi tu kwamba ndege wanakula vizuri, hapo pana mlipuko, nenda na spoku.

Jambo la mwisho ni watu. Vijana wenye manati wanawinda kigogota kwasababu anatulia kwenye shina na ni rahisi kumlenga. Mimi niliwaita watoto wa majirani, nikapasua shina moja la kahawa mbele yao nikawaonyesha buu mnene mweupe amekaa ndani, nikawaambia huyu ndo anakausha kahawa za bibi yenu na yule ndege ndo anamtoa. Tangu siku hiyo wao ndo wanakuja kuniambia wamemsikia wapi. Wiki iliyopita mmoja kanipeleka mpaka kwenye mparachichi wa nyuma ya nyumba yao, kigogota alikuwa ameshabandua gome la tawi moja urefu wa kiganja, na chini ya gome njia za mabuu zilikuwa mbichi kabisa. Kesho asubuhi narudi hapo na mama yake kijana, tulikate lile tawi tulichome, mvua ziko njiani.